Sikio Kabla ya Spana

Pale Barabara ya Naivasha inapochepuka kutoka Barabara ya Ngong kuelekea Kawangware, hakuna dereva anayepita bila kushika breki. Matatu za 111 husimama kushusha abiria, bodaboda hujipenyeza, mkokoteni wa maji hukatiza, na gari dogo linalotoka Karen hujikuta limebanwa nyuma ya lori la mchanga. Ndiyo maana Dagoretti Corner ni mahali pazuri pa kusikiliza breki. Kuna zinazolia kwa sauti nyembamba, kuna zinazokwaruza, kuna zinazonguruma chinichini, na kuna zinazotoa mgoto mmoja tu, tak, gari likianza kupunguza mwendo. Abiria husikia kelele. Fundi aliyeketi juu ya tairi kuukuu kando ya barabara husikia taarifa nne tofauti, na kabla gari halijaegeshwa ameshaanza kuzichambua.

Ufundi huu wa kusikiliza haupewi heshima unayostahili. Husifiwa mikono ya makanika, nguvu zake, ujasiri wa kulala chini ya gari katika jua la Februari. Lakini kwenye breki zinazopiga kelele, sehemu ngumu ya kazi humalizika kabla spana haijashikwa.

Mteja kwa kawaida huja na hukumu tayari: “Fundi, nibadilishie padi.” Fundi mwenye haraka huvuta jeki. Fundi wa kweli huuliza. “Inalia lini, mama? Asubuhi tu, ama siku nzima? Ukikanyaga breki inazidi, ama inanyamaza? Na ukikata kona? Jana gari lililala nje?” Mteja anaweza kudhani anapotezewa wakati, kumbe kila jibu linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine.

Tuseme gari lililala nje na usiku mvua ikanyesha. Diski ni ya chuma cha kusubu, na chuma hicho hushika kutu nyepesi kwa usiku mmoja. Asubuhi padi huikwangua kutu hiyo katika vituo vichache vya mwanzo, kwa mkwaruzo unaomtisha mwenye gari. Sauti ikiisha kabla hajafika Adams Arcade, hakuna cha kutengeneza, na fundi mwaminifu atamwambia arudi nyumbani na pesa zake. Tuseme badala yake kuna mlio mwembamba gari linapotembea, nao hunyamaza breki zikikanyagwa. Hapo huenda inayoongea ni padi yenyewe. Padi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa kiwandani makusudi: padi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, na ikibaki kama milimita 2 au 3 ulimi huo hugusa diski na kupiga kelele. Kama sauti hubadilika kwenye kona, macho yahamie kwingine. Beringi ya gurudumu iliyochakaa huvuma, na mvumo wake huongezeka uzito wa gari ukiegemea upande wake. Au ni kokoto moja tu, imerushwa na tairi kwenye njia ya vumbi huko Riruta, ikanaswa kati ya diski na bati la kukinga vumbi. Kokoto hiyo hulia vibaya kuliko padi iliyokwisha kabisa, na dawa yake ni bisibisi na dakika chache.

Baada ya maswali hufuata mzunguko mfupi barabarani. Redio inazimwa, vioo vyote vinashushwa, na gari linapitishwa polepole karibu na ukuta wa mawe. Ukuta hurudisha sauti, na sikio hupata kujua kama inatoka mbele au nyuma, kushoto au kulia. Kijana anayejifunza kazi huketi kiti cha nyuma, naye hutakiwa kusema kwanza, kabla ya mwalimu wake.

Sauti yenyewe huzaliwa na msuguano usiotulia. Padi hunata kwenye diski, huteleza, hunata tena, na vyuma vilivyo karibu hutetemeka nayo, kama kidole chenye maji kinavyouimbisha ukingo wa bilauri. Mlio mwembamba huwa na mitetemo zaidi ya 1,000 kwa sekunde na unaweza kupita 10,000. Hili si tatizo la magari ya mitumba peke yake. Mwingereza Frederick Lanchester alipopata hataza ya breki za diski mwaka 1902, padi zake zilikuwa za shaba, na shaba ikikwaruza chuma ilipiga kelele isiyovumilika. Ukimya uliletwa na asbesto, iliyoanza kutumiwa kwenye breki miaka michache baadaye na mwenzake Herbert Frood, mwanzilishi wa Ferodo. Bei yake ilikuja kujulikana baada ya miongo mingi: vumbi la asbesto huharibu mapafu na kuleta saratani. Hata leo fundi asiyejua lainingi kuukuu iliyo mbele yake imetengenezwa kwa nini hana sababu ya kulipuliza vumbi lake kwa kompresa. Kitambaa chenye maji kinatosha. Inauma kuona vijana hodari wakisimama katikati ya wingu hilo bila barakoa, na hapa waalimu wao wanastahili lawama.

Sasa gari liinuliwe. Chukua Toyota Fielder, ambayo kwa kawaida huwa na diski mbele na dramu nyuma. Nati zinalegezwa gari likiwa chini, jeki inapanda, stendi inaingizwa, tairi linatoka. Kalipa ya mbele ina pistoni moja upande wa ndani, nayo huelea juu ya pini mbili. Breki ikikanyagwa, pistoni husukuma padi ya ndani, kisha kalipa yote huteleza kwenye pini na kuivuta padi ya nje. Fundi huzitoa padi zote mbili na kuziweka kando kwa kando juu ya gunia. Ya nje imebaki na milimita 7. Ya ndani imefika kwenye chuma.

Hapa ndipo anayebadilisha spea hutengana na anayejua kazi. Wa kwanza hununua padi mpya, anafunga, anapokea pesa, na baada ya miezi michache mteja anarudi na kelele ileile. Wa pili huishika pini na kujaribu kuitoa kwa vidole. Haitoki. Mpira wake umepasuka, maji yameingia, kutu imeishika. Pini hupigwa msasa mwepesi, tundu husafishwa, mpira mpya huvishwa, na grisi maalumu ya breki hupakwa, maana ile ya kawaida huvimbisha mpira na huyeyuka kwa joto. Kisha ukucha hupitishwa juu ya diski, kutoka katikati kwenda ukingoni, kutafuta mifereji. Unene hupimwa kwa vernia na kulinganishwa na alama ya MIN TH iliyochorwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imeshuka chini ya hapo, kuichonga upya ni hatari, hata mteja akilalamika vipi.

Padi mpya zenyewe ni mtihani mwingine. Nyingi hutoka Barabara ya Kirinyaga, ambayo Wanairobi bado huiita Grogan, na huko bidhaa halisi na ya kuiga hukaa rafu moja. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, lakini dukani kinga ya karibu ni macho ya fundi: bamba la nyuma limenyooka? Lainingi imeshikana nalo vizuri? Vibati vya kuzuia mtetemo vimo kwenye boksi, au mteja atarudi akilalamika kwamba padi mpya zinalia kuliko za zamani?

Kuna swali moja zaidi ambalo fundi bora hulitoa kana kwamba anapiga gumzo: “Wikendi unaenda wapi?” Anayezunguka kati ya Dagoretti Corner na mjini si sawa na anayeteremka Mai Mahiu na familia nzima garini. Kalipa inayokwama hupasha gurudumu moto, na joto hilo hufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishajaa maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi chini. Kelele ya mjini huwa onyo la kwanza la jambo hilo, na anayeisikia mapema huokoa watu ambao hatawaona kamwe.

Nchi hii ilishawahi kumtukuza makanika. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho na kulelewa na kazi ya gereji, alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, na gari la ushindi wake wa kwanza lilikuwa Volvo lililokwisha kutumika. Mbio zile ziliua magari ya watu wengi. Yeye alijua kuyafikisha.

Lakini Dagoretti Corner, kama kwingineko katika gereji za jua kali, kuangalia ni bure. Mteja hulipia spea na kazi ya kufunga. Maswali, mzunguko karibu na ukuta na vidole juu ya pini haviingii kwenye hesabu. Cha ajabu, huyohuyo hulipa bila ubishi gari likipimwa kwa kompyuta, ingawa kompyuta inaweza kusoma hitilafu ya ABS lakini haina sikio la kutofautisha kokoto na padi. Utaratibu huu humwadhibu fundi mwaminifu: akigundua ni kutu ya usiku mmoja, amefanya kazi yake yote na hana cha kupeleka nyumbani. Ada ndogo ya uchunguzi, itajwe mapema na ikatwe kwenye bili iwapo kazi itaendelea, ingebadilisha mengi. Mwenye kokoto angeondoka amelipia maarifa aliyopewa, na fundi asingekuwa na sababu ya kumuuzia padi asizozihitaji.