Ritifaa ya Mang'ula

Kiswahili hakina herufi zinazovishwa alama, ndiyo maana wengi wetu huona usimbaji wa herufi kuwa taabu ya Wafaransa na Wachina. Ingiza kwenye hifadhidata majina ya Uluguru: Matombo, Kinole, Mgeta, Bunduki, Bondwa. Yatatoka kama yalivyoingia, hata programu ya mysql ikiwa imepangwa ovyo. Shuka sasa Kilombero, mkoa uleule wa Morogoro, uandike Mang'ula.

Programu za kuandikia na baadhi ya simu huipinda ile ritifaa: ' inakuwa ’. Iliyonyooka ni baiti moja, japo nayo ina ukorofi wake, maana hukatiza amri ya SQL usipoiandika mara mbili. Iliyopinda, kwa UTF-8, ni baiti tatu: E2 80 99.

Dirisha la amri linatuma baiti hizo tatu, huku mysql imeshaiambia seva kwamba inazungumza latin1. Seva haibishi. Inaona herufi tatu, â, € na ™, na kila moja inaisimba upya kwa UTF-8 ili iingie kwenye jedwali la utf8mb4. Tatu zinazaa nane: jina la herufi 8, lililostahili baiti 10, linakaa na baiti 15.

Kinachonikera ni kwamba aliyeingiza haoni kitu. Akisoma kwa dirisha lilelile, seva inageuza kinyumenyume, kosa linafuta kosa, na jina linaonekana safi. Siku tovuti iliyopangwa sawasawa inaposoma, ndipo inapotokea Mang’ula, na mwenye tovuti ndiye anayelaumiwa.

Macho hayatoshi hapa. Tazama baiti kwa SELECT HEX(jina). E28099 ni salama. C3A2E282ACE284A2 ni jina lililosimbwa mara mbili, na hurudishwa hivi:

UPDATE vijiji SET jina = CONVERT(BINARY CONVERT(jina USING latin1) USING utf8mb4) WHERE HEX(jina) LIKE '%C3A2E282ACE284A2%';

Hilo sharti la WHERE usiliache, vinginevyo majina mazima nayo yataguswa.

Tangu MySQL 8.0 ya mwaka 2018 seva huanza na utf8mb4, lakini faili ya mipangilio iliyonakiliwa kutoka mashine ya zamani huja na latin1 yake. Kwa hiyo SET NAMES utf8mb4 itangulie. Ukirekebisha jedwali kwanza, kwenye dirisha lako jina lililopona ndilo litakaloonekana bovu, nawe utaanza kulitengeneza upya.