Kufuma na Kufumua

Duka lenyewe ni chumba chembamba karibu na Top Market mjini Nakuru, limebanwa kati ya fundi wa simu na muuza mbegu. Madonge ya uzi yamepangwa toka sakafuni hadi darini: nyekundu ya shule, kijani ya shule, samawati ya shule. Hizo ndizo rangi zinazolipa kodi ya nyumba, hasa Januari. Waridi na rangi ya maziwa, za shali za watoto wachanga, zimekaa juu kabisa, na mwenye duka huzifikia kwa kupanda kigoda.

Nilikuwa nimemletea sweta isiyokwisha, ya mpwa wangu anayesoma Molo, mahali ambapo jua la Julai huwaka bila kumpasha mtu joto. Mama mwenye duka akaitandaza juu ya kaunta, akapitisha kidole pole pole kama anayesoma barua, kisha kidole kikasimama.

"Kijana, hapa ulikuwa unaongea na nani?"

(Nina miaka arobaini na kitu. Dukani mle bado ni kijana.)

Nikatazama. Safu kumi na mbili chini, penye kwapa la kushoto, nilikuwa nimepunguza vitanzi mara mbili mahali pa mara moja. Siku hiyo kweli nilikuwa kwenye matatu, naongea.

"Fumua," akasema, akachomoa sindano bila kuniomba ruhusa, akanikabidhi ncha ya uzi.

Sijui kazi nyingine ya mikono inayosamehe namna hii. Fundi cherehani akikata kitambaa kifupi, suruali imekuwa kaptula. Seremala akikosea kipimo, ubao umekwenda kuwa kuni. Chungu kikipasuka tanuruni ni vigae. Lakini mfumaji akivuta uzi, safu zinaachia moja baada ya nyingine kwa mlio mdogo wa trrr, na kile alichokuwa nacho jana anacho tena leo. Lugha yetu inalijua jambo hilo: kati ya kufuma na kufumua pana irabu moja tu. Wawindaji nao hufuma mnyama kwa mshale, na ukiangalia ncha ya sindano inavyopenya kitanzini, huoni ajabu neno kuwa lile lile.

Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunjakunja kama tambi. Tulipokuwa wadogo, mama yangu aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga mafungu, akaufua na kuuanika huku umening'inizwa kitu kizito, ukanyooka. Sweta ya baba iliyotoboka viwiko ikawa sweta zetu wawili mwaka uliofuata, na mabaki yakawa kofia ya mavin ya mdogo wetu, yenye mistari isiyo na mpango.

Mimi nilijifunzia darasani, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, ambao ulitaka mtoto ajue pia kazi za mikono. Sindano za dukani zilikuwa za wenye pesa. Sisi tulitumia spoki za baiskeli, tukazisugua ncha kwenye saruji hadi zikaacha kukwaruza. Wavulana tulifuma bila haya. Haya ilikuja baadaye, na sikumbuki nani alituletea.

Uzi wa dukani kila mtu huuita sufu, ingawa mwingi ni akriliki na haujawahi kumwona kondoo. Hilo huniuma kidogo, kwa sababu kondoo wako hapo juu tu, Molo na Mau. Safari yao katika nchi hii haikuwa rahisi. Mwanzoni mwa karne iliyopita mlowezi Lord Delamere alileta kondoo wa merino Njoro, akatazama wakifa kwa wingi kwenye majani yaliyoonekana mazuri. Baadaye wataalamu waligundua kwamba udongo wa pande hizi una upungufu wa kobalti, na ugonjwa unaotokana na upungufu huo wakauita Nakuruitis. Miji mingine jina lake hupewa ua au jibini. Letu likapewa kukonda kwa mifugo.

Huko huko Njoro leo kuna Kenana Knitters, kikundi kilichoanza 1998. Wanawake husokota sufu kwa mkono na kufuma wanyama wa kuchezea, twiga na tembo na wenzao, na kila mnyama huenda sokoni na jina la aliyemfuma. Jina hilo ndilo ninalolipenda kuliko twiga mwenyewe. Sweta ya mashine ina saizi na chapa. Haina mtu wa kuulizwa alikuwa anaongea na nani.

Nilimaliza kufumua pale pale dukani, nimekalia gunia, huku wateja wakinipita. Mama mwenye duka alirudisha vitanzi sindanoni kimoja kimoja, akahesabu kwa Kikuyu, akanirudishia. Nilipoomba donge moja zaidi la samawati, alichukua karatasi ya donge langu la zamani, akalinganisha namba ya rangi, akatikisa kichwa. Lililobaki ni la mzigo mwingine, na samawati yake imekolea zaidi.

Mikono ya sweta ile itakuwa na rangi tofauti kidogo kuanzia kiwiko. Nawe ukienda kununua uzi, nunua wote siku moja.