Birika la Jibondo
Fremu ya mlango wa msikiti wa kisiwa cha Jibondo husimuliwa kuwa ilitoka Kua, mji wa kisiwa jirani cha Juani ulioachwa magofu baada ya Wasakalava wa Madagaska kuuvamia mapema karne ya 19. Wageni huipiga picha, kisha huondoka. Mimi navutiwa zaidi na birika la udhu. Jibondo ni mwamba wa matumbawe, na kwa miaka mingi maji matamu yalikuwa shida. Madumu yalivushwa kwa chombo kutoka kisiwa kikuu cha Mafia, yakateremshwa maji yakiwa magotini, yakabebwa begani. Anayelijaza birika hutangulia adhana ya alfajiri, husugua ukoga, hukung'uta mchanga mikekani. Kukipambazuka hushika tezo, kwani ufukweni kuna mashua inayoundwa.