Sanaa ya Kutojali Mshindi

Zipo kazi ambazo sifa zake husemwa na kila mtu bila haya, kama useremala na uhunzi, na zipo nyingine ambazo mwenye kuzisifu hadharani hana budi kuwaomba radhi jirani zake kwanza; na hii ninayokusudia kuisifu ni ya kundi la pili, kwa sababu hufanyika ndani ya nyumba ya kamari, kwa fedha za kamari na kwa msamiati wa kamari, hali ya kuwa anayeifanya sawasawa haitegemei bahati hata chembe. Wako Waingereza ambao wamekuwa wakiishughulikia kwa miaka zaidi ya ishirini. Mtu huchukua dau la bure alilopewa na kampuni ya kubashiri, akaliweka upande mmoja wa shindano, kisha akaweka fedha zake mwenyewe upande wa pili, kwa mtu mwingine, kwa kiasi kilichopimwa barabara, hata ikawa mshindi awe huyu au yule, kinachobaki mkononi mwake ni kile kile.

Ufundi wa namna hii usingeweza kuzaliwa kila mahali. Maduka ya kubashiri yaliruhusiwa kisheria Uingereza tangu Mei 1961, na kadiri yalivyozidi kuwa mengi, na hatimaye yakahamia katika intaneti, ndivyo yalivyozidi kunyang'anyana wateja kwa zawadi: weka pauni 10, nasi tutakupa dau la pauni 10 bure. Mwaka 2000 Andrew Black na Edward Wray wakaanzisha Betfair, soko ambalo wabashiri hukabiliana wao kwa wao, huyu akisema farasi fulani atashinda na yule akisema hatashinda, na mwenye soko akiridhika na kamisheni anayomkata aliyepata. Mwaka uliofuata Gordon Brown, aliyekuwa waziri wa fedha, akaiondoa kodi iliyokuwa ikimwangukia mbashiri, ambayo dukani alikatwa asilimia 9, akaipeleka kwenye faida za kampuni. Zawadi, soko la kupinga, na ushindi usiokatwa kodi: kimojawapo kikikosekana hesabu haisimami, na kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, mwenye mkeka wake wa kubashiri wa Jumamosi, asifanye haraka ya kudhani kwamba bonasi aliyoahidiwa katika simu yake ni mali ya aina hii.

Mwanafunzi wa kazi hii huanza kwa hasara, na kwa mwenye tamaa hilo ndilo somo gumu kuliko yote. Kampuni haitoi dau la bure mpaka mteja atangulize dau la fedha taslimu. Tuseme achague timu ya mpira ambayo kampuni imeipa odi ya 2.00, yaani ikishinda kila pauni hurudi pauni mbili, na sokoni wanaoipinga wanapata odi ya 2.04 kwa kamisheni ya asilimia 2. Ataweka pauni 10 kwenye kampuni kwamba timu itashinda, na papo hapo aende sokoni kuweka pauni 9.90 kwamba haitashinda, huku soko likimshikia dhamana ya pauni 10.30. Timu ikishinda, kampuni inampa faida ya 10 na soko linachukua 10.30, isiposhinda, kampuni imekula 10 na soko linampa 9.70 baada ya kukata chake. Vyovyote iwavyo, peni 30 zimekwenda. Mcheza kamari huziona peni hizo kuwa uchuro, akatamani kuzizuia zisipotee kwa kuruka ule mguu wa pili, yaani dau la kupinga. Lakini fundi huziandika katika daftari kama mwenye duka anavyoandika nauli ya mzigo, kwa sababu ameshalinunua dau la bure kwa bei anayoijua.

Sasa ndipo utamu wa kazi ulipo. Dau la bure lina hila ndani yake: likishinda, kampuni hulipa faida peke yake na dau lenyewe halirudi. Mwanafunzi amchukue farasi mwenye odi ya 5.00, ambaye sokoni anapingwa kwa 5.20. Farasi akishinda, kampuni italipa pauni 40, na soko litamdai pauni 4.20 kwa kila pauni moja aliyoweka kumpinga. Akishindwa, kampuni haidai kitu, na soko litampa peni 98 kwa kila pauni. Kiasi cha kupinga hakijulikani bado, lakini tunajua tunalolitaka, nalo ni kwamba vitanga viwili vya mizani vilingane: arobaini, toa kiasi hicho mara 4.20, kiwe sawa na kiasi hicho mara 0.98. Basi arobaini ni kiasi hicho mara 5.18, na ukigawanya unapata pauni 7.72. Farasi akishinda mwanafunzi anabakiwa na 7.58, akishindwa anabakiwa na 7.57, na ukiondoa zile peni 30 za mwanzo, dau la bure la pauni 10 limegeuka kuwa pauni 7 na peni 27 za kutumia sokoni kununulia samaki.

Hii ni aljebra ya darasani, ile ile iliyowekewa misingi Baghdad katika karne ya 9 na Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, ambaye sehemu kubwa ya kitabu chake aliitumia kuonyesha jinsi ya kugawa mirathi na wasia. Siku hizi ziko programu za kumfanyia mtu hesabu yote kwa kubonyeza mara moja, na sioni ubaya kuzitumia. Walakini nasema kwamba anayeanza, akikaa na kalamu akaitoa kanuni hiyo mwenyewe hata mara moja tu, amepata jambo ambalo programu haimpi, nalo ni kujua kwa nini. Kwa mfano, atajua kwa nini wazoefu hulipeleka dau la bure kwa farasi wa odi kubwa, maana akiliweka kwenye ile timu ya odi 2.00 atavuna pauni 4.85 tu, kwa kuwa ile pauni 10 isiyorudi ni sehemu kubwa ya malipo pale odi inapokuwa ndogo. Na atajua pia kwa nini asipande juu mno: kumpinga yule farasi wa 5.20 kulihitaji dhamana ya pauni 32.42, na angemchagua wa 10.00 anayepingwa kwa 10.50, dhamana ingepita pauni 80. Mwenye rasilimali ya pauni 50 hana nafasi hapo, hata kama karatasi inaonyesha faida zaidi.

Baada ya hesabu hubaki mkono na jicho. Bei za sokoni hazikai. Zitapanda na kushuka mtu akiwa bado anahamisha macho kutoka dirisha moja la kompyuta hadi jingine, na kwa hiyo mwenye hadhari hutazama kwanza kama sokoni kuna fedha za kutosha zinazongoja kwa bei anayoitaka, kisha huweka dau la kampuni, kisha bila kuchelewa hupinga. Husoma jina la timu, husoma tarehe, husoma aina ya shindano, kwa sababu kosa la wanafunzi lililo maarufu kuliko yote ni kupinga timu siyo, yaani kujikuta amebashiri mambo mawili tofauti badala ya jambo moja na kinyume chake. Kadhalika husoma masharti, na hapa ndipo ninapoistahi kazi hii kwa dhati. Mchezaji tenisi akiumia akajitoa katikati ya mchezo, kampuni moja hurudisha madau yote, nyingine hulipa ikiwa seti moja imekwisha. Na mtu aliyeweka mguu mmoja kwa ile ya kwanza na mwingine kwa ile ya pili amesimama katika jahazi mbili. Asiyependa kusoma maandishi madogo atafute kazi nyingine.

Mtazame mtu wa namna hii siku ya Grand National kule Aintree, mwezi wa Aprili, kampuni zinapomwaga zawadi kuliko siku nyingi za mwaka. Farasi 34 (walikuwa 40 mpaka mwaka 2024 walipopunguzwa kwa ajili ya usalama) wanaruka vizuizi 30 kwa masafa ya zaidi ya maili nne, na nchi nzima inapiga kelele, mama wa nyumbani na karani, kila mmoja na farasi wake. Yeye ameshamaliza kazi yake tangu asubuhi. Akiangalia, anaangalia kwa ajili ya uzuri wa farasi, na huenda akawa ndiye peke yake anayeuona, kwa kuwa hana wa kumwombea dua wala wa kumlaani.

Msomaji wa pwani ataniuliza kuhusu haramu, naye ana haki. Hesabu imeondoa bahati, hilo ni yakini. Lakini mwamala wenyewe umeandikwa kwa mkataba wa kamari, na pauni iliyomfikia fundi ilitoka katika mfuko wa aliyepoteza, ambaye aghalabu ni maskini kuliko yeye. Sidhani kwamba ugawanyaji wa 5.18 unaitakasa fedha hiyo, na mwenye dini akijiepusha nayo simwoni mjinga. Isitoshe nyumba ile ina hatari zake, hata Tume ya Kamari ya Uingereza ikapiga marufuku kubashiri kwa kadi za mkopo tangu Aprili 2020. Na aliyewahi kuwa mtumwa wa kamari asiingie humo hata akiwa na kalamu na daftari. Ninachokisifu ni adabu ya kazi.

Tena kazi yenyewe haina maisha marefu. Kampuni humgundua mtu anayekuja penye zawadi tu, na kwa kuwa si lazima kupokea dau la kila mteja, humpunguzia kiwango mpaka aruhusiwe kuweka peni kadhaa, au humnyima zawadi kabisa. Wengine hapo hufungua akaunti kwa jina la mke, la shemeji, la mama mzazi aliyelala, wakadai kwamba ni mwendelezo wa ustadi ule ule. Mimi naona ustadi umekwisha siku ile barua ya kampuni ya kumzuia ilipofika, na kinachofuata kwa jina la mama ni ughushi. Mwenye akili timamu huhamisha salio lake benki, hujumlisha ukurasa wa mwisho wa daftari, na akienda kuijaribu kampuni nyingine huenda kwa jina lake.