Waashi na Watunzaji wa Misikiti ya Oli

Mtaa wa Oli mjini Arua, Uganda, kama mji wa Koboko, umebeba historia ya Wanubi, jamii yenye asili ya askari wa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, waliochukuliwa na ofisa Mwingereza Lugard mwaka 1891. Misikiti yao inasimama kwa kazi ya watu tusiowataja.

Kabla ya mvua kubwa, fundi hupanda paani kutafuta msumari uliolegea na bati lililotobolewa na kutu. Ukutani huvunja njia za mchwa wanaofuata mbao za paa. Ufa hauzibwi juujuu: plasta hubanduliwa, tofali bovu hung'olewa, jipya la kuchoma hulowekwa na kupangwa, kisha plasta mpya hunyunyiziwa maji siku kadhaa isipasuke. Kwenye upinde wa mihrabu, kosa la kipimo huonekana kila sala.

Mtunzaji naye huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Huteka maji ya udhu, hukung'uta mikeka na kuzibua mifereji.

Anayesujudu pakavu huku mvua ikipiga bati ana deni kwao. Tulilipe kwa saruji na ujira kwa wakati, tusingoje paa livuje.