Nilitazama Chini, Sina Miguu

Filamu inaitwa The Displaced. Ina dakika 11, imetengenezwa na gazeti la New York Times la Marekani, waongozaji wake ni Ben C. Solomon na Imraan Ismail, na ilitoka Novemba 2015. Mwezi huo gazeti liliwapelekea wasomaji wake, pamoja na toleo la Jumapili, zaidi ya maboksi milioni moja ya Google Cardboard: unalikunja mwenyewe, unachomeka simu ndani, unatazama kupitia lenzi mbili. Mimi nimeitazama juzijuzi tu, Mbagala, nimekaa kwenye kochi, kwa miwani ya plastiki niliyoinunua Kariakoo. Google wenyewe waliacha kuuza maboksi yao mwaka 2021. Nimechelewa, najua. Ila sasa kelele zimepoa, na kazi inaweza kutazamwa kama kazi.

Nimalizane kwanza na habari ya simu. Uhalisia pepe wa kwenye simu unategemea kitu kinachoitwa jairoskopu, kihisio kinachoiambia simu kichwa chako kimegeukia wapi. Simu nyingi za bei nafuu, yaani hizi tulizonazo wengi wetu kwenye daladala, hazina. Yangu ilicheza filamu vizuri tu, lakini niligeuza shingo mpaka ikauma na picha haikusogea. Ikabidi niazime ya mdogo wangu. Halafu kuna bando. Video ya nyuzi 360 inabeba picha za pande zote, hata zile usizozitazama, kwa hiyo unalipia mgongo wako pia. Waliosema teknolojia hii imeshuka mpaka kwa mtu wa kawaida walikuwa na mtu wao wa kawaida kichwani.

Sasa filamu. Wahusika ni watoto 3 waliong'olewa makwao na vita: mvulana wa miaka 11 wa mashariki mwa Ukraine, ambaye shule yake imekuwa magofu, binti wa miaka 12 wa Syria, anayeishi ukimbizini Lebanon na kuchuma matango shambani, na mvulana wa miaka 9 wa Sudan Kusini, aliyekimbilia kwenye vinamasi na bibi yake. Watoto wanaongea lugha zao, na maandishi ya Kiingereza yanaelea hewani.

Sehemu bora kuliko zote ni ya mtumbwi. Sisi waandishi wa habari tungeandika "walijificha kwenye vinamasi", na msomaji angepita. Hapa hupiti. Uko majini na huyo mtoto, unageuka nyuma kutafuta nchi kavu, hakuna. Unageuka kushoto: maji na majani. Hofu ya mahali pasipo na mlango inakuingia taratibu, na kwa kweli sijui aya gani ya gazeti ingeweza kuifanya kazi hiyo kwa muda mfupi vile. Nakiri hilo kabla sijaanza kulalamika.

Kisha inakuja ndege. Inapita juu, inamwaga magunia ya chakula uwandani, na watu wanayakimbilia wakikupita wewe uliyesimama katikati yao. Nilitazama chini ili nijiondoe njiani. Sina miguu. Palikuwa na ardhi tu.

Hapo ndipo nilipoanza kusumbuka. Kamera ya namna hii inaona kote kwa wakati mmoja, kwa hiyo aliyeitega hana pa kusimama. Inabidi aiwashe, akajifiche mbali au nyuma ya kitu, na stendi ikibaki kwenye picha inafutwa baadaye kwenye uhariri. Katika picha ya kawaida mpigapicha yupo hata asipoonekana, maana kuna upande alioamua kuutazama, na wewe unajua kuna mtu ameamua. Hapa uamuzi haujaondoka, ila umefutwa pamoja na stendi. Nani kachagua watoto hawa na siyo wengine? Nani kasema kamera ikae usawa huu? Dakika zipi zilitupwa? Wewe unaambiwa kwamba upo pale mwenyewe, umejionea, basi utamuuliza nani?

Wapenzi wa riwaya tunamjua vizuri msimulizi anayejificha, na tumejifunza kumshuku. Kwa nini tukivaa miwani tunasahau?

Huo ndio mzozo wangu na maneno ya Chris Milk, aliyesimama kwenye jukwaa la TED mwaka 2015 akaitangaza teknolojia hii kuwa mashine ya kuzalisha huruma. Yeye na Gabo Arora walikuwa wamewatengenezea Umoja wa Mataifa Clouds Over Sidra, filamu kuhusu binti wa Syria katika kambi ya Zaatari, Jordan, na Januari 2015 ikaonyeshwa kwa wakubwa kule Davos. Ni filamu nzuri, ina mikate inayotoka tanurini na wasichana wanaocheza mpira. Lakini mashine yoyote ina upande wa kuingizia na upande wa kutokea bidhaa. Huruma inatokea Davos. Kwenye kambi wanaingiza watoto.

Nilikuwa nasoma tena Kusadikika ya Shaaban Robert siku zilezile, na si kwa makusudi. Mnaikumbuka: nchi inayoelea angani (uhalisia pepe wa mwaka 1951, ukitaka), na Karama amesimamishwa mahakamani. Anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe 6 waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na habari za manufaa, wakaishia gerezani. Mimi huwa nakisoma kitabu kile kama kitabu cha kwanza cha uandishi wa habari kwa Kiswahili, na wahadhiri wangu wanisamehe. Kila mjumbe ana jina. Kila mmoja alikwenda, akaona, akarudi, akasema mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumuuliza na hata kumfunga. Thamani ya habari yake imeshikamana na mwili wake. Karama hakuwavalisha mahakimu miwani. Aliwalazimisha wasikilize, tena siku baada ya siku.

Basi nikamwonyesha filamu mama mwenye nyumba wangu. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo ilinibidi nimtafsirie, na hapo pakazuka kichekesho: simu ikiwa imefungiwa machoni pake, mimi sioni kitu. Nilisimama nyuma ya kochi nikisikiliza sauti, nakisia tumefika wapi, nasimulia kwa kumbukumbu. Waliokulia vibanda umiza vya Temeke wanamjua Lufufu, yaani Captain Derek Mukandala, aliyeingiza sauti ya Kiswahili juu ya filamu za nje, anafafanua, anaongeza chumvi, anatania. Wakenya wana DJ Afro. Watu wa sinema "safi" waliwadharau wasimulizi hawa kwamba wanaharibu kazi ya msanii. Siku ile nilitamani kuwa nao. Lufufu hakukudanganya kwamba upo Hong Kong. Ulijua upo Temeke, kwenye benchi, na kuna mtu anakwambia.

Mama alikuwa ametulia mpaka ndege ilipokuja. Akanishika mkono.

"Mwanangu, hili dege linaangusha nini?"

"Chakula, mama."

Akanyamaza. Kisha akaanza kugeuka kwenye kochi, mwili mzima, kushoto, kulia, akajikunja kutazama nyuma. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Namtafuta aliyenileta huku. Nimuulize mama yake huyu mtoto yuko wapi."

Hakumpata, akavua miwani. Ilikuwa imebaki kama dakika tatu hivi.

Sikukumbuka mapema, na nilipaswa kukumbuka, kwamba yeye alikuwa Mbagala Jumatano ya 29 Aprili 2009, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na watoto wakapotezana na wazazi wao katika kukimbia. Kamera zilifika siku zile. Mimi nilikuwa bado chuoni, ila wenzangu wa fani hii walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Alichofanya mama kwenye kochi ni uhakiki kuliko huu wangu: aligeuza nyuzi zote 360 akagundua kwamba mwenye habari hayumo.

Si lazima iwe hivi. Let This Be a Warning ya The Nest Collective wa Nairobi, iliyoongozwa na Jim Chuchu, ni hadithi ya kubuni, siyo habari, lakini imelielewa tatizo kuliko filamu za habari. Kundi la Waafrika limeihama dunia, limejenga makazi kwenye sayari ya mbali. Sasa amekuja mgeni asiyealikwa, na wanampa ujumbe. Mgeni huyo ni wewe. Hakuna anayejifanya hakuoni. Unatazamwa na unashukiwa, na hapo kuvaa miwani kunakuwa kitendo chenye mtendaji. Ingekuwa mimi ndiye mhariri, ningewaonyesha hiyo kwanza wote wanaopanga kupeleka kamera ya nyuzi 360 Jangwani mafuriko yakirudi. Halafu ningewaambia ripota akae ndani ya picha, aonekane, hata kama anatokwa jasho na hajui aweke mikono wapi.

Fasheni yenyewe imepita. BBC walifunga kitengo chao cha uhalisia pepe mwaka 2019, na wengine wamehamia kwenye mambo mengine. Filamu zimebaki YouTube, nazo zinastahili kutazamwa, hasa ule mtumbwi.

Mama alinisimulia habari ya siku ile ya mabomu jioni hiyohiyo, bila kuombwa, tukiwa tumekaa uani. Alieleza njia waliyopita, nani alibeba nani, kiatu kimoja kilichobaki mlangoni. Kila baada ya muda anakatiza: "Unanielewa lakini?" Mpaka niitikie ndipo anaendelea. Nilitaka kumrekodi. Akasema niizime kwanza hiyo simu, nimtazame.

Miwani sasa anayo mjukuu wake. Amepata video ya papa.