Mkate Wenye Bastola

Mwanamke anamkabidhi kijana mkate ampelekee muuza matunda. Ndani ya mkate ule mna bastola.

Katika The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1976, pana hotuba nyingi kali za mahakamani, lakini mimi naustahi mkate ule kuzipita zote. Askari akiuona, anaona chakula tu. Mĩcere Gĩthae Mũgo na mwenzake Ngũgĩ wa Thiong'o walijua kwamba vita vya Mau Mau vilibebwa vikapuni na akina mama ambao hakuna aliyewaandika, ndiyo maana mwanamke huyu hakupewa hata jina. Anaitwa Mwanamke, basi, na mchezo mzima umemwegemea.

Wengi humsifu Mwalimu Mĩcere kwa ujasiri, na haki yake. Alizaliwa Baricho, Kirinyaga, mwaka 1942. Mwaka 1980 akawa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na miaka miwili baadaye akaikimbia nchi na binti zake wawili. Akanyang'anywa uraia, Zimbabwe ikampa wake. Lakini ujasiri peke yake hauandiki tamthilia. Wako wengi waliokuwa jasiri wakatuachia michezo mikavu, wahusika wakihutubia na watazamaji wakisinzia.

Ufundi wake uko kwenye nafasi anazoziacha. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa Februari 1957, kila Mkenya aliyeingia ukumbini alilijua hilo, na mtunzi wa kawaida angefungia mchezo kwenye kitanzi. Hapa hukumu inasomwa, risasi inalia, giza linatanda, kisha wimbo wa umati unapanda. Wimbo ule umetungwa ili uitikiwe. Mchezo ulipooneshwa Kenya National Theatre Oktoba 1976, watazamaji waliondoka vitini, wakacheza na waigizaji hadi nje, barabarani. Wapo watakaosema ni msisimko wa usiku mmoja. Mimi nasema mlango ule ulifunguliwa mapema, mezani, kalamu ikiwa mkononi.

Kila aliyelelewa na hadithi za bibi anaujua msingi wa ufundi huo: msimulizi akisema "Paukwa" hana ruhusa ya kuendelea mpaka asikie "Pakawa". Mĩcere aliichukua adabu hiyo kama suala la haki za binadamu, si pambo la jukwaani. Mwaka 1991 alichapisha kazi nzima kuhusu fasihi simulizi ya Kiafrika na haki za binadamu, akiifananisha jamii na kitunguu: tabaka juu ya tabaka, kila moja likilishikilia lingine. Anayenyimwa nafasi ya kuitikia amebanduliwa kwenye kitunguu hicho. Serikali inayowafunga watu midomo inafanya kosa lilelile la mtunzi anayewaketisha watazamaji kimya saa mbili, japo moja linaua na lingine linachosha.

Aliishi na saratani kwa miaka mingi, akafariki Juni 2023 huko Syracuse, Marekani, alikokuwa amefundisha hadi kustaafu. Tamthilia ipo kwa Kiswahili pia, Mzalendo Kimathi. Vikundi vya maigizo vikiichukua, viwape watazamaji wimbo wa mwisho mapema, mlangoni, kabla taa hazijazimwa.